Je, ukuta wa kanisa unapindua sauti?

*"Niko mwaka wa sita wa sekondari, sehemu ya hisabati na fizikia, hapa Lubumbashi, na Jumapili ninashika sono (mitambo ya sauti) ya korali yetu. Mwalimu ametupa zoezi: bafle (spika) iko mita 1.5 juu ya sakafu ya betoni, mikro iko kimo hicho hicho, mita 4 mbele yake. Dari ya triplex (mbao nyembamba za plaiwudi) iko mita 4.5 juu ya sakafu. Sauti ni ya hezi 500, joto nyuzi 25. Tutafute tofauti ya fazi kati ya wimbi linalorudi kutoka sakafuni na lile linalorudi kutoka darini. Mimi nimepata digrii 271, kwa sababu niliongeza π, yaani digrii 180, kwa sakafu, betoni ikiwa ngumu. Mwenzangu hakuongeza kitu, amepata 91. Tukabishana, nikaenda kujaribu kanisani: bafle mita 4 kutoka ukutani, na simu inayorekodi nusu mita kutoka ukuta huo huo. Kwa hesabu yangu yenye π, sauti ingekuwa kubwa pale. Badala yake ilizama. Nani amekosea? Tena mji wetu uko juu na hewa ni nyepesi: tutumie mita 340 kwa sekunde au pungufu?"*

Mdogo wangu, pole na ubishi, ila nyote wawili mmekosa. Jibu la zoezi ni digrii 70 hivi. Mwenzako yuko karibu zaidi, na kilichomwangusha hakihusu π hata kidogo: ni ile 340 mliyoichukua wote bila kutazama joto ambalo mwalimu ameliandika kwenye swali. Wewe umelibeba kosa hilo ukaongeza la pili juu yake. Lakini jaribio lako la kanisani limenifurahisha kuliko majibu yote mawili, maana simu yako ilikuambia ukweli, nawe ukadhani kuna kitu kimeharibika.

Tuanze na njia, kwa sababu hapo mmefanya vizuri. Sauti ikigonga sakafu iliyo tambarare hurudi kana kwamba imetoka kwenye bafle nyingine iliyozikwa chini ya sakafu, kwa kina kilekile cha kimo cha ile ya kweli. Chora umbo hilo kila mara, litakuokoa. Bafle ya kweli iko mita 1.5 juu, pacha wake yuko mita 1.5 chini. Kutoka kwa pacha hadi kwenye mikro ni mita 3 kwenda juu na mita 4 kwenda mbele, basi mshazari wake ni mita 5 kamili. Mwalimu wenu alizichagua namba hizo makusudi. Dari nayo ina pacha wake: iko mita 3 juu ya bafle, hivyo pacha yuko mita 6 juu, na mshazari ni kipeuo cha pili cha 16 + 36, yaani mita 7.21. Wimbi la dari limetembea mita 2.21 zaidi ya lile la sakafu.

Fazi ni kusema tu wimbi limefika wapi katika mzunguko wake. Kila linapotembea urefu mmoja wa wimbi, limemaliza mzunguko mmoja, digrii 360, na limerudi lilikoanzia. Kwa hiyo ugawanye 2.21 kwa urefu wa wimbi, utupe mizunguko mizima, na kinachobaki ukizidishe kwa 360. Kwenye nyuzi 25 sauti huenda mita 346 kwa sekunde, urefu wa wimbi wa hezi 500 ni mita 0.692, na unapata mizunguko 3.195. Tupa ile mitatu. 0.195 mara 360 ni digrii 70. Ukipenda radiani, ni 1.23.

Usizitupe tarakimu hizo za mwisho wakati unapogawanya. Wanafunzi wengi huandika 3.2 na kuendelea, wakapata 72, na hapo hakuna ubaya. Lakini ukikadiria mapema, kwenye 0.692 kuifanya 0.7, utapata 57. Namba kubwa imefichwa ndani ya ile mizunguko mitatu uliyoitupa, na kila kosa dogo la urefu wa wimbi linazidishwa mara tatu na ushee kabla hujaliona.

Sasa hilo la mji kuwa juu. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kweli hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Matadi, kule bandarini. Watu wengi huhitimisha kwamba sauti lazima iende polepole. Haiendi polepole. Mwendo wa sauti hutegemea mgandamizo wa hewa ukigawanywa kwa uzito wa hewa kwa kila mita ya ujazo, na ukipanda mlima vyote viwili hupungua pamoja, kwa kiasi kilekile, kama joto halijabadilika. Mgawanyo unabaki palepale. Kinachobaki na nguvu ni joto. Chukua 331, ongeza 0.6 kwa kila nyuzi ya Selsiasi, na umepata mwendo kwa usahihi unaotosha kazi yoyote ya shule. Unyevu wa hewa huongeza kidogo sana, uuache.

Newton mwenyewe alipiga hesabu hii katika kitabu chake cha 1687 na akapata mwendo ulio chini ya ule wa kweli kwa takribani asilimia 15, kwa sababu alidhani hewa inayobanwa na sauti hubaki na joto lilelile. Ilibidi kumngoja Laplace, mwanahisabati Mfaransa, mwaka 1816, aeleze kwamba kubanwa huko ni kwa haraka mno, joto halina muda wa kutoroka. Nakuambia ili usione aibu. Mwendo wa sauti umewasumbua wakubwa.

Ona joto linavyofanya zoezi lako. Asubuhi ya Juni au Julai hapa kwetu, ukumbi ukiwa na nyuzi 10, sauti huenda mita 337 na jibu linakuwa digrii 101. Alasiri ya Oktoba, kabla ya mvua, nyuzi 30, mwendo ni 349 na jibu ni 60. Sakafu ile ile, dari ile ile, mikro haijasogezwa hata kidole. Ndiyo maana mwalimu aliandika nyuzi 25.

Tuje kwenye π, iliyoleta ugomvi. Kwanza jambo ambalo wewe na mwenzako hamkuliona: katika zoezi hili halina maana. Mnalinganisha mawimbi mawili ambayo kila moja limegonga mara moja. Hata kama betoni ingepindua wimbi, triplex nayo ingelipindua, na ukitoa moja kutoka jingine, π mbili zinafutana. Ulipoongeza upande wa sakafu peke yake ulikuwa unasema kwamba betoni ni ngumu na triplex ni laini. Kwa macho ya mwanadamu ni kweli. Kwa hewa si kweli. Betoni inaipinga sauti ya hewani maelfu ya mara kuliko hewa yenyewe inavyojipinga, na ubao mwembamba wa triplex kwenye hezi 500 bado unaipinga zaidi ya mara kumi. Kwa sauti ya kimo hicho vyote viwili ni ukuta, na triplex itasogeza fazi ya wimbi kwa digrii chache tu. Ukishuka hadi besi ya hezi 50 hali hubadilika, triplex inatikisika yenyewe na msogeo huo wa fazi unakuwa mkubwa, lakini hukuulizwa hezi 50.

Kanisani ni habari nyingine, kwa sababu pale ulilinganisha sauti iliyokuja moja kwa moja na ile iliyogonga ukuta. Moja haikugusa kitu. Kama kuna π, itaonekana. Fanya hesabu yako tena: ya moja kwa moja imetembea mita 3.5, ya ukutani mita 4 kwenda na nusu mita kurudi, jumla 4.5. Tofauti ni mita 1. Gawanya kwa 0.692, unabaki na mizunguko 0.445, yaani digrii 160. Bila π, mawimbi mawili yanakaribia kupingana kabisa, na sauti inazama. Ukiongeza π unapata 340, karibu na mzunguko mzima, na sauti ingekuwa kubwa. Simu ilisema imezama. Basi π haipo.

Ila π hiyo hukuitunga. Umeiona kwenye kamba iliyofungwa kwenye nguzo: ukiipiga, nundu inakwenda juu na kurudi ikiwa imepinduka. Umeisoma pia kwenye mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo. Yote mawili ni kweli, lakini kwenye kamba tunapima kamba imesogea kiasi gani, na pale ilipofungwa haiwezi kusogea. Kwenye sauti kuna vitu viwili vya kupima: chembe za hewa zimesogea kiasi gani, na hewa imebanwa kiasi gani. Fikiria watu waliojazana ndani ya bisi na dereva akakanyaga freni. Aliyebandikwa kwenye ukuta wa mbele hasogei hata kidogo, lakini ndiye anayebanwa kuliko wote. Hewa iliyo kwenye ukuta iko hivyo. Kusogea kwake kunapinduka na kufutika, kama kamba. Mgandamizo wake haupinduki, unajumlika na kuwa maradufu.

Sikio lako hupima mgandamizo. Mikro ya simu pia. Kwa hiyo kabla ya kuandika π popote, jiulize kifaa chako kinapima nini. Swali hilo moja lingewaondolea ubishi wote. Na kuna mahali ambapo mgandamizo nao hupinduka: kwenye mdomo ulio wazi wa bomba, kama filimbi. Pale hewa iko huru kusogea na haiwezi kubanwa, mambo yanageuka, na π inarudi kwa haki yake.

Unataka kumshawishi mwenzako bila maneno? Rudi kanisani siku isiyo na mazoezi. Weka bafle ielekee ukuta, toa toni ya hezi 500 kwa sauti ya kadiri, na ufunge simu kwenye ncha ya fimbo ya ufagio ili mwili wako usiwe ukuta wa pili. Ianzishe ikiwa imebandikwa ukutani kabisa, kisha irudishe nyuma taratibu huku ukitazama kipimo. Kwenye ukuta sauti ni kubwa. Sentimita 17 hivi, inazama. Sentimita 35, inapanda tena. Sentimita 52, inazama mara ya pili: pale ulipoweka simu yako, kwenye 50, ulikuwa sentimita mbili tu kutoka kwenye shimo lenyewe. Kama π ingekuwepo, mpangilio huu wote ungegeuka na ukutani kungekuwa kimya. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kona ya ukumbi wa sherehe anajua kimya hakipo pale. Besi ya kwenye kona hutikisa soda ndani ya glasi.

Jaribio hilo lina faida ya ziada. Umbali kati ya shimo la kwanza na la pili ni nusu ya urefu wa wimbi. Uzidishe kwa mbili, kisha kwa 500, na umepima mwendo wa sauti wa ukumbi wenu mwenyewe. Ukipata sentimita 34.6, ni mita 346. Linganisha na kipimajoto. Mimi ningempa alama mwanafunzi aliyeniletea karatasi hiyo kuliko aliyeniletea zoezi lililonakiliwa vizuri.

Usitegemee kimya kamili kwenye mashimo hayo. Wimbi la ukutani limetembea zaidi na limechoka kidogo. Kwa umbali wako lina nguvu ya 0.78 hivi ya lile la moja kwa moja, kwa hiyo haliwezi kulifuta lote. Kwa hesabu, pale nusu mita sauti inashuka desibeli 8 au 9 chini ya ilivyo bila ukuta, na ikipanda inapanda desibeli 5. Juu ya hapo sakafu, dari na viti vinatuma mawimbi yao nayo yanaziba shimo. Ukiona linashuka kwa desibeli 6 badala ya 9, hesabu bado ni nzima.

Kuhusu vifaa, niseme mawili. Mikro ya waimbaji haifai kwa kazi hii. Nyingi zimetengenezwa zisisikie kinachotoka nyuma, na ukiielekeza kwenye bafle, wimbi la ukutani linaingia kwa mgongo na kupotea. Utahitimisha kwamba ukuta haurudishi kitu. Simu inasikia pande zote, ni bora. Ila simu nyingi hupandisha rekodi zenyewe sauti ikiwa ndogo, na hapo shimo linafichwa. Tafuta programu inayoonyesha desibeli moja kwa moja, au inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo.

Sasa nikuonye juu ya digrii 70 yenyewe. Kwenye karatasi ni sahihi. Kwenye ukumbi wa kweli, kama dari uliyoipima kuwa mita 4.5 ni mita 4.55, njia ya dari inarefuka sentimita 8 na jibu linaruka hadi digrii 114 hivi. Sentimita 5 za kosa la kupima zimekula zaidi ya digrii 40! Na hiyo ni hezi 500. Kwenye hezi 4,000, ambako urefu wa wimbi ni sentimita 9 hivi, kuuliza fazi ya wimbi lililorudi darini ni kama kupoteza muda. Makanisa mengi hapa hayana dari, ni manjanja (mabati ya migongo) juu ya mbao, na mabonde yake yameachana kwa sentimita 7 au 8. Kwa hezi 500 wimbi lenye sentimita 69 halioni mabonde hayo, manjanja ni tambarare. Kwa sauti kali za "s" na matoazi, wimbi na bonde vinalingana, na sauti inatawanywa huku na huku. Pacha wako wa kwenye mchoro anakuwa hana mahali pa kusimama. Pazia zito na wakristo waliojaa nao huvuruga fazi, kila kimo cha sauti kwa namna yake, na hakuna kanuni ya shule itakayokupa namba.

Kwa sono ya korali yenu, basi, usijaribu kupiga hesabu ya kila ukuta. Sogeza bafle mbali na ukuta wa nyuma, au ubandike kabisa. Kilicho katikati ndicho kinachokula sauti za kati. Na kama tatizo lenu ni besi kupotea katikati ya kanisa huku pembeni ikisikika, usilaumu kuta kwanza. Mara nyingi waya wa bafle moja umegeuzwa, chanya kwenye hasi, na bafle mbili zinavutana kinyume. Hapo π ipo kweli, ila imeletwa na fundi. Bafle isiyo na amplifaya ndani, ichomoe kwenye waya wote, kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa chanya: koni itoke nje. Ile ya pili ikiingia ndani, umempata mwizi. Bafle zenye amplifaya ndani usizifungue. Mpe fundi wa sono mwenye mikro ya kupimia, atamaliza kwa nusu saa kile ambacho kingekuchukua mwezi.

Toni isiyokatika huchosha bafle na masikio kuliko muziki, kwa hiyo uiweke chini, dakika chache kwa mara moja. Desibeli 85 kwa saa nane ndicho kikomo ambacho wataalamu wa usalama kazini hukitumia, na kila desibeli 3 juu ya hapo hupunguza muda kwa nusu. Masikio yakikulilia baada ya jaribio na mlio ukakaa hadi kesho yake, au sikio moja likawa zito, hilo si swali la fizikia tena: nenda kwa daktari wa masikio mapema, usingoje lipite lenyewe.

Kwenye karatasi ya zoezi andika mwendo 346, njia 5 na 7.21, tofauti 2.21, digrii 70, na sentensi moja kwamba kila wimbi limegonga sehemu ngumu mara moja, hivyo ukuta hauongezi kitu kwenye tofauti. Mwalimu akishikilia kwamba sakafu peke yake inadai π, usibishane naye mbele ya darasa. Mwombe saa moja baada ya masomo, beba simu, futi ya kupimia na ile fimbo ya ufagio. Na kama unataka kuona jambo hili kwa vifaa vya kweli, ulizia wasaidizi wa fizikia pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ukiwa na vipimo vyako mkononi watakusikiliza kwa namna tofauti na ukienda na swali tupu.